Darasa la Sita safarini: kutoka mizabibu ya Makutupora hadi michoro ya Kolo

Jumatatu

Kibali kimetoka leo saa nane mchana, baada ya kuzungushwa na makaratasi hadi nikayaota. Barua ya shule, barua ya kata, fomu za wazazi zenye sahihi (na dole gumba kwa bibi wawili wanaolea wajukuu), cheti cha ukaguzi wa gari. Anayedhani kuandaa ziara ya kimasomo ni kukodi Kosta na kupika wali, aje akae na mimi ofisini siku moja.

Tutakwenda kwenye mizabibu ya Makutupora, Bungeni, kisha Kondoa kuona michoro ya kale ya miambani ya Kolo. Tumechagua Mei kwa makusudi. Mvua za Dodoma zimeshakatika, njia za Kondoa zinapitika, Bunge liko kwenye mkutano wa bajeti, na Darasa la Sita hawana mtihani wa taifa. La Nne na la Saba huwezi kuwagusa, wazazi watakuja juu. Hata hivyo kwenye kikao cha wazazi baba mmoja alisimama akaniuliza, "Samahani mwalimu, hayo mawe ya Kolo kwenye mtihani yatatoka?" Nikamjibu yako kwenye historia ya nchi hii, yakitoka yatatoka. Hakuridhika. Alisaini lakini.

Hela ndiyo iliyosumbua zaidi. Elimu ni bila ada, na mchango wa ziara haulazimishwi mtu. Mimi sikubali ziara ya wenye nacho wakati wengine wanabaki kufagia uwanja. Shule iliuza alizeti ya shamba letu, walimu tukachangishana, wazazi wakatoa walichokuwa nacho. Mama mmoja alileta debe la mtama kichwani, akalitua mlangoni kwangu na kusema, "Madam, huyu wangu asikose." Hakuna aliyekosa.

Jioni niliwapa kazi yao. Nimeziona ziara za shule za kutosha: watoto wanapangwa mstari, wanasomewa maelezo, wanapigwa picha mbele ya bango, wanarudi. Ukiwauliza wameona nini, wanakutajia soda. Kwa hiyo safari hii hakuna karatasi ya "taja mambo matano uliyojifunza". Kila mmoja, kila siku, atafute swali moja amuulize mtu anayefanya kazi pale tulipokwenda, na lisiwe la kujibiwa ndiyo au hapana. Jibu aliandike kwa maneno ya huyo aliyejibu.

Jumanne, Makutupora

Tumepita barabara ya Arusha, tukauacha Msalato penye uwanja mpya wa ndege, tukaipita Veyula. Kosta nzima inaimba. Watoto walikuwa wamejiandaa kula zabibu. Nilijua hawatazikuta, nikanyamaza tu, maana nilitaka nione nyuso zao.

Shamba la kituo cha utafiti lilikuwa vijiti vitupu. Nguzo, waya, vijiti. Vijana walikuwa wanapogoa, mkasi unalia kacha, kacha, mstari kwa mstari, na matawi yaliyokuwa na majani mabichi kabisa yanaanguka chini. Kiranja wetu alishindwa kuvumilia: "Shikamoo kaka. Kwa nini mnaikata na haijafa?"

Hilo swali ndilo lililobeba asubuhi yote. Mtaalamu aliyetupokea aliacha hotuba yake (alikuwa nayo, niliiona imekunjwa mfukoni) akachuchumaa mbele ya shina moja. Akawaeleza kwamba kwenye nchi za baridi mzabibu hupukutisha majani wenyewe majira ya baridi, unalala, ukiamka unazaa mara moja kwa mwaka. Dodoma baridi ya namna hiyo haipo. Mkulima ndiye anayeuambia mzabibu ulale na uamke, kwa mkasi. Ukipogoa sasa, baada ya miezi minne hivi unavuna, mwezi wa nane au wa tisa. Ukipogoa tena baadaye, unavuna Februari au Machi. Ndiyo maana Dodoma inavuna mara mbili kwa mwaka.

Akawaonyesha macho kwenye kijiti. Kila jicho litatoa tawi, na tawi changa ndilo linalobeba kichala. Ukiacha macho mengi, unapata vichala vingi vyenye punje hafifu. Ukiacha mawili matatu kwa kila kijiti, unapata zabibu za maana. Alimpa mkasi binti mmoja akamwambia akate yeye. Mkono ulimtetemeka, akakata, na tukiwa bado tunatazama, pale kwenye kidonda likajitokeza tone la maji. Likakua, likaanguka. Likaja jingine.

"Madam, unalia!"

Mtaalamu akacheka, akasema hata wao husema hivyohivyo: mzabibu unalia. Mizizi inaendelea kusukuma maji juu, majani ya kuyapokea hayapo, kwa hiyo yanatokea mlango uliofunguliwa. Watoto wote wakataka kuonja. Waliambiwa hayana ladha, wakaonja hivyohivyo, wakakubaliana hayana ladha.

Mambo mengine tuliyapitia haraka: aina ya Makutupora Nyekundu inayotengenezewa mvinyo, mchwa wanaokula mashina, ubwiri unga na dawa zake. Walipoonyeshwa uelekeo wa visima vya Mzakwe, vinavyopeleka maji mjini, nusu ya darasa ilikuwa imeshahamia kwenye kivuli cha mbuyu ikipasua ubuyu. Sikuwazuia. Jua la saa sita Makutupora halina adabu.

Mvulana mdogo kuliko wote alimuuliza kijana wa mkasi, "Kwa siku unakata mashina mangapi, na mkono ukiuma unafanyaje?" Jibu lililoandikwa kwenye daftari: "Nabadilisha mkono. Yote miwili ikiuma nabadilisha kazi, nakwenda kufunga waya."

Jumatano

Tumeshinda shuleni. Hisabati na Kiingereza, kama kawaida, wasije wakasema tunakula bata wiki nzima.

Vipindi viwili vya mwisho tuliwatengenezea maandalizi ya Kolo. Walikuja na udongo mwekundu wa kwao, wakautwanga, wakauchekecha kwa kitambaa. Kundi moja lilichanganya na maji, la pili na ute wa yai, la tatu na mafuta ya alizeti. Wakachora juu ya mawe waliyookota korongoni, tukayapanga nyuma ya jiko. Yai liligombaniwa kidogo, kuna waliotaka kulikaanga.

Alhamisi, Bungeni

Alhamisi ni siku ya maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, na mimi nina watoto wa maswali, kwa hiyo siku niliichagua mwenyewe. Saa moja na nusu tuko getini, sare zimepigwa pasi, viatu vimepakwa rangi, wengine wamepaka hadi soksi. Ukaguzi, mifuko, simu za walimu zinabaki mapokezi. Watoto waliambiwa jukwaani hakuna kupiga makofi, hakuna kusimama ovyo, hakuna kula. Ubuyu wote ulikusanywa kwenye mfuko mmoja wa rambo nikakabidhiwa mimi.

Saa tatu kamili. Msafara wa Spika unaingia, Mpambe wa Bunge mbele na siwa, lile rungu la Bunge, begani, watu wote wamesimama, dua inasomwa. Watoto hawakupumua. Wengi wao nyumbani Bunge ni kelele za redio wakati mama anapika. Kuona kwamba ni chumba, kina viti, kina watu wanaosahau kuwasha vipaza sauti, kuliwashangaza kuliko nilivyotegemea.

Baada ya maswali, Spika akasoma wageni waliopo jukwaani. Likasomwa jina la shule yetu. Tukasimama. Wabunge wakagonga meza, ukumbi mzima, paa paa paa, na hapo binti wa debe la mtama akanishika mkono kwa nguvu mpaka kucha zikaniingia.

Nje, ofisa wa Bunge aliyepangiwa kutuzungusha alikuwa amezoea kuulizwa mbunge analipwa kiasi gani. Safari hii aliulizwa, "Siwa ikisahaulika, kikao kinafanyika?" Swali la ndiyo au hapana, nikakunja uso, lakini jibu lake lilikuwa refu na zuri. Siwa ndiyo alama ya mamlaka ya Bunge, ikikosekana wale ni watu tu waliokutana ukumbini. Wanaweza wakaongea mpaka jioni, hawajatunga kitu. Mwingine akauliza, "Mbunge anamuuliza Waziri, Waziri anamjibu Spika. Kwa nini hawatazamani?" Akajibiwa kwamba kanuni inataka kila anayesema aelekeze maneno kwa Spika, ili watu wawili wakikasirikiana maneno yapite kwa mtu wa tatu kwanza. Leo mchana kwenye Kosta waligombania dirisha kwa utaratibu huohuo: "Mheshimiwa Spika, mwambie atoe mguu wake." Spika nilikuwa mimi, na nilichoka.

Tuliwaonyesha pia Ukumbi wa Msekwa, lilimokuwa likikutania Bunge kabla ya ukumbi wa sasa. Wazazi wa hawa watoto wanaikumbuka Dodoma ya wakati huo. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulipitishwa mwaka 1973, Serikali ikaanza kuja kwa kishindo 2016. Watoto hawa wanaona magari ya mawaziri kila siku na hawajui kuwa kuna watu walizeeka wakisubiri kuyaona.

Ijumaa, barabara ya Kondoa

Tumeondoka alfajiri ili Waislamu wetu wawahi swala ya Ijumaa Kondoa mjini. Magodoro juu ya keria, sufuria, magunia ya mkaa, mwalimu wa michezo na filimbi yake.

Lami imenyooka. Kipande hiki ni sehemu ya ile barabara kuu inayotajwa kutoka Cape Town mpaka Cairo, na wanaokumbuka Kondoa ya vumbi na kulala njiani masika wanaifahamu thamani yake. Mayamaya, Haneti wanakochimba yale mawe ya kijani ya vito, kisha Chemba. Kabla ya Chemba mtama na uwele vilikuwa vimekauka shambani vinasubiri kuvunwa. Milima ya Irangi ilipoanza kuchomoza mbele, wimbo ulikatika wenyewe. Watoto wa Dodoma mjini mlima wao ni mawe yaliyopangana, hawajazoea kuona mlima wenye msitu.

Kondoa tumefika saa tano. Walioswali wakaswali, waliobaki wakapelekwa kwenye chemchemi ya mji kuona maji yanayotoka ardhini bila pampu. Tumelala kwenye madarasa ya shule iliyotupokea, wasichana upande huu, wavulana kule, mimi mlangoni. Baridi ipo. Saa sita usiku kuna aliyeniamsha kuuliza kama Kolo kuna fisi. Nikamwambia andika hilo swali, kesho umuulize mwenyeji.

Jumamosi, Kolo

Kolo iko kaskazini ya mji, barabara ya Babati. Ofisi ya Mambo ya Kale iko pembeni ya barabara. Unaandikisha, unalipa, unapewa mwongozaji. Baada ya hapo lami unaiaga. Kosta ilikwenda mpaka ilipokataa, kwenye mchanga wa mto uliokauka, tukashuka kwa miguu.

Mlima wa Mungumi una mwinuko wa kukata pumzi. Mwongozaji wetu, mzee wa makamo mwenye kofia ya baraghashia na fimbo, aliwasimamisha chini kabisa akatoa masharti: hagusi mtu ukuta, hamwagi mtu maji. Zamani wageni walikuwa wanarushia maji michoro ili iwake kwenye picha, na kila tone liliondoka na rangi kidogo. Vidole navyo vina mafuta. Watoto wakaingiza mikono mifukoni bila kuambiwa, wakapanda mlima hivyohivyo, wawili wakaanguka.

Juu, jiwe kubwa limeinama na kufanya kibaraza. Mwanzoni huoni kitu. Ukuta ni wa kahawia, una madoa. Watoto walikuwa wanatazamana, mmoja akaninong'oneza, "Madam, ndiyo haya?" Mwongozaji hakusema neno. Alikaa juu ya jiwe, akavua kofia, akajipepea. Nilimpenda hapohapo. Mwingine angeshaanza kuonyesha kwa fimbo.

Ikapita kama dakika tano. Kisha sauti: "Twiga!" Halafu kutoka upande wa pili, "Mimi nina tembo. Hapa, chini ya ufa." Halafu wote kwa pamoja. Macho yakishazoea ile rangi nyekundu, ukuta unajaa: wanyama wamechorwa juu ya wanyama, watu warefu wembamba kama mabua, vichwa vimefutuka kwa nywele au vinyago. Hakuna aliyeona vyote. Waliendelea kuitana mpaka mwongozaji akaomba aulizwe sasa.

Mchoro uliowagombanisha ni ule wa watu waliosimama pamoja, mmoja katikati ameshikwa mikono na wenzake huku na huku. Mary Leakey, aliyekuja kunakili michoro ya Kondoa mwaka 1951, aliona mwanamke anavutwa na watu wenye vinyago huku wengine wakimzuia. Watafiti waliomfuata wakasema si ugomvi. Walioiona ngoma ya simbo ya Wasandawe wanakumbuka mtu aliyepandisha huwa anashikiliwa na wenzake asianguke. Mwongozaji akawaeleza zote mbili, akaacha hapo. Darasa likagawanyika. Kundi la ugomvi lilikuwa kubwa, mpaka mvulana mmoja ambaye bibi yake ni wa Farkwa, Msandawe, akasema, "Angekuwa anavutwa kwa nguvu, miguu ingekaa hivi." Akajipinda, akajivuta nyuma kwa visigino. Wote wakageuka kuitazama miguu ya ukutani. Imenyooka. Wale wa ugomvi wakadai mchoraji hakujua kuchora miguu. Niliwaacha wagombane, na kwa mawazo yangu dakika zile zilikuwa na faida kuliko muhula mzima wa kukariri "Kondoa Irangi, michoro ya mapangoni".

Aliyetaka kujua rangi ilichanganywa na nini aliambiwa nyekundu ni mawe yenye chuma yaliyosagwa, na inaaminika waliweka mafuta ya wanyama au kitu cha kunatisha. Nyeupe, ile ya vidole iliyopakwa juu ya nyekundu, ni ya baadaye, ya wakulima. Kundi la mafuta ya alizeti walijiona wameshinda.

Kwenye sakafu kuna mashimo. Mwongozaji alieleza kwa hasira: watu wanachimba usiku wakitafuta dhahabu ya Wajerumani. Haijapatikana hata punje, lakini kila jembe linavuruga tabaka ambalo wanaakiolojia wangeweza kulisoma. Eneo hili liko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2006, na adui wake mkubwa ni hadithi ya mjomba wa mtu. Karibu na mashimo palikuwa na majivu. Binti akauliza nani amepika hapa. "Wazee," akajibu, na safari hii alishusha sauti. Mvua ikichelewa, au mtu akiugua, bado wanakuja kuomba.

Na ndiyo, fisi wapo.

Jumapili, kurudi

Asubuhi tulipita kutazama makorongo. Nilikuwa nimeyawekea dakika ishirini, yakala saa moja na nusu. Ardhi imepasuliwa na maji, nyekundu, mengine kina chake kinameza nyumba. Bibi mmoja wa Kirangi aliyekuwa anakatia ng'ombe wake majani alisimama kutuamkia, na watoto wakamzunguka. "Shikamoo bibi, ng'ombe wako kwa nini haendi kuchunga?"

Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akawasimulia mwaka ule Serikali ilipoamuru mifugo yote iondoke. Ilikuwa 1979, chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza 1973. Watu walilia, alisema, wengine walipeleka ng'ombe kwa ndugu wa mbali na hawakuwaona tena. Maziwa yalipotea nyumbani. Lakini majani yakarudi, miti ikarudi, na mifugo ilipokuja kuruhusiwa tena ikawa ya kufungiwa bandani na kukatiwa majani. Mmoja akamuuliza kama Serikali ilikosea au ilipatia. "Mjukuu wangu, mimi nilikuwa na njaa na korongo lilikuwa linakuja kwangu. We ungefanyaje?" Yule mtoto hakuandika jibu, alibaki ameshika kalamu.

Kabla ya Haneti tairi la nyuma likapasuka. Spea ilikuwepo, jeki ikawa ya gari dogo. Tumekaa barabarani karibu saa mbili tukisubiri lori lenye jeki ya maana. Nilitegemea vilio. Badala yake nikaona madaftari yanatoka, na dereva wetu, ambaye wiki nzima hakuna aliyemuuliza chochote, amezungukwa. Kwa nini limepasuka la nyuma na si la mbele? Lami ya mchana inafanya nini kwenye upepo wa tairi? Unajuaje nati imekaza ya kutosha? Alijibu yote akiwa amelala chini ya gari, sauti inatoka huko, na mwisho akatoka akawachorea ekseli kwenye vumbi kwa bisibisi.

Shuleni tumefika saa mbili usiku. Baba wa mtihani alikuwa wa kwanza getini. Mwanawe alishuka akiongea, wakaondoka anaongea.

Jumatatu tena

Mawe ya nyuma ya jiko: rangi ya maji imepukutika yote kwa kidole, ya yai imeshika, ya mafuta imezama kwenye jiwe na kuacha doa lisilotoka. Kundi la alizeti na kundi la yai hawasemezani.

Mkuu wa shule anataka ripoti yenye mafanikio, changamoto na mapendekezo. Kwenye mapendekezo nimeandika mawili: Mungumi pawe na nusu siku nzima, na gari likaguliwe mpaka jeki. Kwenye jedwali la wataalamu waliofundisha wanafunzi nimemweka mtaalamu wa zabibu, ofisa wa Bunge, mwongozaji wa Kolo, bibi wa ng'ombe na dereva. Mkuu amenirudishia karatasi na alama ya kuuliza mbele ya majina mawili ya mwisho. Nimeirudisha vilevile, na madaftari matatu ya watoto juu yake.